Mtu Aliyeuliza Kama Nyuma Ni Safi

Fundi hakumwaga maji bila kugeuka. Hata kama alikuwa ameshika beseni la maji ya kunawia, jua linachoma na uani pake hamna hata kuku, bado angesimama, ageuze shingo kulia, ageuze kushoto, aseme taratibu, "Nyuma safi?" Baada ya hapo ndipo angemwaga. Wageni walidhani ni mzaha. Sisi majirani zake wa mlimani, Ilemela, tulikuwa tumezoea, kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani anayewika saa nane mchana.

Alikuwa fundi wa kupasua mawe. Kwetu Mwanza nyumba haijengwi mpaka jiwe likubali, na yeye ndiye aliyekuwa akiyashawishi. Msingi wa nyumba yetu aliuchonga yeye. Angelizunguka jiwe asubuhi nzima, anapapasa tu, hajainua nyundo, na mwenye kiwanja akianza kunung'unika angejibiwa kwa upole, "Jiwe halina ubishi, bwana. Lina mshono. Nautafuta." Akishaupata alipanga tindo zake tatu kwenye mstari, akagonga kidogo kidogo, na kabla ya pigo la mwisho akauliza lile swali lake. Kwenye jiwe tulimwelewa, maana vipande huruka. Lakini mtu anayeuliza kama nyuma ni safi kabla ya kufunga mlango? Kabla ya kusogeza kiti?

Nilianza kuelewa kwenye banda la video.

Banda lilikuwa la baba yangu: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja yenye kisogo kirefu, na kijana wa Kirumba aliyeshika maikrofoni na kututafsiria filamu papo hapo. Tafsiri yake ilikuwa nusu ya kweli na nusu ya kwake mwenyewe. Mzungu akilia jeshini, yeye alisema amekumbuka mchuzi wa sato wa mama yake. Fundi alikuja kila Jumamosi mchana zikionyeshwa filamu za vita, akakaa benchi la mwisho kabisa, mgongo kwenye bati, pasipo na mtu nyuma yake.

Ni vigumu kueleza jinsi alivyozipenda na kuzichukia filamu hizo kwa wakati mmoja. Watu wakianguka kwa mamia alicheka, kwa sababu, alisema, wanaanguka kama wanaotafuta godoro. Lakini ukitokea mzinga wa kupigia vifaru, na katika filamu za vita hutokea kila baada ya nusu saa, alikuwa akinyanyuka. Shujaa amepiga goti, bomba liko mbele yake, wenzake wanne wamejipanga nyuma wakimtazama. Fundi angepaza sauti, "Tokeni nyuma." Bomba lingefyatuka, wale wanne wangepiga makofi, na Fundi angekaa chini akitikisa kichwa kama mtu aliyeona ng'ombe akikamuliwa kwa masikio.

Yule kijana wa maikrofoni aliuita kila mzinga bazuka. Siku moja Fundi alimfuata baada ya filamu akamweleza, bila ukali, kwamba bazuka hubebwa begani, na ule wa leo una magurudumu. "Ukimwita ng'ombe mbuzi si kosa kubwa," alimwambia, "ila siku ya kukamua utashangaa." Kijana naye hakuwa mjinga. Kuanzia Jumamosi iliyofuata, kila mzinga ulipotokea alitia kwenye tafsiri yake, "Tokeni nyuma, Fundi kasema," na banda zima likaitikia. Ikawa msemo wa mtaa. Akina mama waliutumia bombani wakitaka nafasi ya kutua ndoo. Fundi hakukasirika. Alisema afadhali watu walijue jambo hilo kwa mzaha kuliko wasilijue kabisa.

Ngoja nieleze mzinga wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kumwelewa mtu huyu. Si vigumu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na haya nimewafundisha watoto wengi waliodhani hawana akili ya hesabu.

Mzinga wa kawaida ukitupa kombora mbele, wenyewe husukumwa nyuma kwa nguvu ileile, kwa hiyo lazima uwe mzito sana usiruke. Mzinga aliopewa Fundi na wenzake katika vita vya Kagera ulikuwa mwepesi. Lilikuwa bomba refu kuliko mtu, juu ya magurudumu mawili madogo, watu wanne wanaukokota hata ndani ya migomba. Haukurudi nyuma kwa sababu bomba lake lilikuwa wazi pande zote mbili: kombora linatoka mbele, na moto na upepo unatoka nyuma. Nguvu zinalingana, bomba linatulia.

Nilipokuwa chuoni Butimba nikijiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, somo hili lilinishinda kulieleza, nikaenda kwa Fundi likizo. Akanichorea kwa kidole vumbini. "Umesimama kwenye mtumbwi, binti," alisema. "Ukitupa jiwe mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Sivyo? Sasa tupa mawili, moja mbele na moja nyuma. Mtumbwi unakaa palepale." Akanitazama kuona kama nimefuata. "Mtumbwi umetulia, wewe umefurahi. Lakini lile jiwe la nyuma limekwenda kwa nani?"

Mpaka leo nafundisha kwa mtumbwi huo, na swali hilo la mwisho nawaachia wanafunzi waende nalo nyumbani.

Siku hiyo ndipo nilipomuuliza kama aliwahi kuona mtu akiumizwa na jiwe la nyuma. Alifuta mchoro kwa kiganja, kisha akanieleza. Ilikuwa mara moja tu, na sikuwahi kumsikia akirudia.

Yeye alikuwa mpigaji, anayelenga na kufyatua. Mpakiaji wake, anayetia kombora kwa nyuma na kufunga, alikuwa kijana wa Ukerewe. Fundi alimwita Mkerewe wangu. Utaratibu wao ulikuwa mmoja na haukubadilika: Mkerewe anapakia, anafunga, anasogea pembeni, anatazama nyuma, anamgusa Fundi begani na kusema, "Nyuma safi." Bila mguso huo Fundi hafyatui, hata dunia ikiungua. Sauti pekee haikutosha, maana vitani masikio hayaaminiki.

Kisha asubuhi moja kifaru kilitokeza kwenye migomba karibu kuliko walivyotegemea. Mkerewe alipakia. Fundi alilenga, akafyatua, kifaru kikasimama. Alipogeuka kumpongeza mwenzake alimwona amelala chini, nguo zinafuka moshi. Walimtia kwenye lori pamoja na majeruhi wengine, uso umefungwa shuka. Lori likaondoka, na baada ya hapo hakupata habari zake tena.

"Alikuwa amekugusa?" niliuliza.

"Ndilo hilo," alisema. "Nilihisi kitu begani. Kila mwaka nakitafuta kile kitu. Mwaka mmoja ni mkono wake, mwaka mwingine ni jani la mgomba."

Kama ulikuwa mkono, ilikuwa ajali ya vita. Kama lilikuwa jani, yeye alikuwa amemchoma rafiki yake kwa haraka tu. Ndivyo alivyoliona jambo hilo.

Ndipo nikaelewa na jambo jingine lililokuwa likiwachekesha watu. Fundi alizaliwa ufukweni, aliogelea vizuri, lakini hakupanda meli ya Ukerewe hata siku moja. Kutoka juu ya mawe yake aliiona ikitoka na kurudi miaka yote. Mtu akimwalika Nansio, mji wa kule kisiwani, kwenye harusi au msiba alituma mchango wake na salamu. Watani wake walisema Msukuma anamwogopa mamba. Alikubali tu: "Naam, kule kuna mamba wangu." Mamba mwenyewe alikuwa mama wa Mkerewe. Fundi aliogopa kwamba angeshuka bandarini, aulize nyumba, mama mmoja atoke mlangoni na kusema, "Wewe ndiye uliyekuwa na mwanangu?"

Nisiwape picha ya mtu wa huzuni, maana hakuwa hivyo. Alikuwa mtani hodari, aliimba vibaya na kwa furaha kanisani, na alishindana na mke wake kuhusu chumvi ya mboga mpaka mama huyo akaamua kumwekea kisahani chake. Wajukuu walimpanda kama jiwe. Mmoja wao, msichana mwenye maneno, alikuwa na gemu ya vita kwenye simu ya mama yake, na siku moja akamwonyesha babu mzinga mle ndani. Fundi alivaa miwani. Ulikuwa uleule, na magurudumu yake mawili. Alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kijiji kimoja.

"Sasa huyu aliyesimama nyuma anaumia?" akauliza.

"Hapana, babu. Hii gemu haina nyuma. Unapiga mbele tu."

Alimrudishia simu polepole. Kila nilipomwona alinirudia na jambo hilo. Hakulaumu, alistaajabu tu. "Wametengeneza mzinga usio na nyuma," alisema. "Wangetupa sisi huo."

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Nyegezi kikazi, nikija nyumbani mwisho wa wiki. Jumamosi moja nilikuta vijana wa mjini wanapiga filamu kwenye mawe yetu, filamu ya vita. Magwanda waliyashona wenyewe, na mzinga wao ulikuwa bomba la plastiki la maji machafu lililopakwa rangi ya kijani, juu ya magurudumu ya kigari cha mtoto. Mwongozaji, kijana mchangamfu mwenye kofia kubwa, alisikia kwamba kuna mzee aliyeujua mzinga wa kweli, akamwomba amwonyeshe mwigizaji wake jinsi ya kupiga goti.

Fundi alipiga goti. Nilitoa simu nikaanza kurekodi, nikiwaza wanafunzi wangu. Na kwa kweli ilikuwa kitu cha kutazama: mzee mwenye magoti mabovu alishuka kama kijana, jicho likaenda kwenye bomba, bega likatulia. Mwigizaji akachukua nafasi yake. Wanajeshi wanne wakajipanga nyuma, nyuso za kishujaa.

Fundi akaenda kusimama kati yao na bomba, akanyoosha mikono.

"Wasogee pembeni," alisema.

"Mzee wangu," mwongozaji alimwambia kwa heshima, "hili ni bomba la choo."

"Najua. Mabomba ya choo nimeyazika mengi kuliko wewe. Wasogee."

Walisogea, wakicheka. Hapo Fundi akaenda kando ya mwigizaji, akatazama nyuma kulia, akatazama kushoto, akamgusa begani na kusema, "Nyuma safi." Mwigizaji, maskini, hakujua afanye nini, akasema "Bum" kwa mdomo.

Niliiweka video ile kwenye kundi la wanafunzi wangu na maelezo ya nguvu mbili zinazolingana. Hapa nilikosea, na ni kosa ambalo mwalimu angepaswa kulijua: kitu ukikituma mbele, kinakwenda na kwingine. Mwanafunzi mmoja aliipeleka nje ya kundi, maelezo yangu yakakatwa, ikabaki mzee anayeogopa bomba la choo. Watu wakaibandikia muziki. Walimwita Mzee Bum. Nilijuta sana. Nilipanda mlimani kumwomba radhi, na yeye akaniuliza kama magoti yake yalionekana vizuri.

Siku chache baadaye nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua. Namba alikuwa ameipata kwa mwalimu mwenzangu wa Nansio. Alizungumza kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba sinia lililojaa. Baba yake, alisema, ameonyeshwa video na vijana wa mtaani, wakitaka acheke. Hakucheka. Ameitazama tangu asubuhi, na kila ikifika mzee anapomgusa yule kijana anasema irudishwe. Anataka kujua kama mzee huyo ana kovu la jembe kwenye kidole gumba, na kama bado anaimba vibaya.

Nilikaa kwenye ngazi za shule. Nikamwambia vyote viwili ni kweli.

Nikasikia akimpigia kelele mtu aliye karibu naye, kisha akarudi kwenye simu. "Baba anasema mwambie, nyuma safi."

Habari kama hiyo haipelekwi kwa simu. Jioni hiyohiyo nilikwenda Ilemela, nikamkuta ananoa tindo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio, kama somo, kwa sababu niliogopa nikiruka hatua moja nitalia. Aliweka tindo chini.

"Ana macho?" aliuliza.

"Anaona, Fundi. Amekuona wewe."

Akainamisha kichwa. Mke wake alitoka jikoni, akatutazama, akarudi ndani bila kuuliza. Nilimpa simu azungumze naye palepale, akaikataa kwa mkono. Kuna neno la kuulizwa, alisema, na hilo haliulizwi kwenye simu. Nililijua neno lenyewe. Niliogopa kuliko yeye, nadhani. Mkerewe kuwa hai ilikuwa heri, lakini haikuwa jibu. Mtu aliye hai anaweza kukuambia kwamba hakukugusa.

Jumamosi tulipanda meli. Fundi alivaa koti la kanisani na kukaa mgongo ukutani. Hakusema mengi, alitazama vilima vya kwetu vikipungua, akanionyesha jiwe alilolipasua mwaka niliozaliwa. Karibu na Nansio aliniomba nishuke kwanza.

Mkerewe alikuwa anatungoja uani kwake chini ya kipenu, amesimama, amevaa viatu vilivyong'arishwa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kovu lililoshuka kutoka sikio la kulia hadi ndani ya kola. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono yote miwili, wakatikisana, wakaachana, wakashikana tena. Fundi aliuliza habari za mama yake. Alikuwa amekufa zamani, kwa uzee, akijua mwanawe amerudi. Tukakaa. Binti yake, yule wa simu, akaleta chai na viazi vitamu.

Hapo ndipo palikuwa na ugumu ambao hakuna aliyeufikiria. Sikio la kulia la Mkerewe lilikuwa limekufa, na la kushoto lilikuwa njiani. Swali ambalo Fundi hakuwahi kulitamka, isipokuwa mara ile moja kwangu, ilibidi aliulize kwa kelele, uani, majirani wakipita.

"Siku ile," alisema. "Ulinigusa?"

"Nani?"

"Mimi. Ulinigusa?"

"Umeugua?"

Fundi alisimama. Akashika bega lake la kulia kwa mkono wa kushoto na kulipiga mara mbili, na akapaza sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Kabla sijafyatua. Ulinigusa, au hukunigusa?"

Mkerewe alimtazama. Aliona mkono begani, nadhani, kabla hajasikia maneno, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyedaiwa kitu alichokwisha kutoa.

"Nilikugusa," alisema. "Nilikugusa, nikasema safi. Halafu nikakirudia kiatu."

"Kiatu?"

"Kilinasa kwenye matope nilipokuwa napakia. Nikasema nikikiacha hapa nitatembea peku hadi Kampala. Nikarudi nyuma." Alishusha macho kwenye viatu vyake vinavyong'aa. "Mama alinitukana mpaka anakufa. Kwa ajili ya kiatu."

Alisema alimtafuta Fundi. Alikwenda hadi Magu akiuliza Msukuma mwenye kovu kidoleni anayeimba vibaya, wakamwonyesha watu tisa. Alitaka kumwambia habari ya kiatu kwa sababu alijua Fundi atajilaumu. "Nilikujua," alisema. "Wewe ukimwaga chai ulikuwa unauliza."

Fundi alikaa chini. Alianza kucheka, kwanza kifuani, bila sauti, kisha kwa sauti, na Mkerewe naye akaanza, ingawa sina hakika alisikia nini. "Kiatu," Fundi alikuwa akisema. "Kiatu." Binti wa Mkerewe alinitazama, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaenda kuongeza sukari ambayo hakuna aliyeiomba.

Walizungumza mpaka jua likageuka, juu ya migomba, juu ya mvua ya mwaka ule, juu ya filamu. Mkerewe naye alikuwa akikemea televisheni. Niliwaacha, nikasimama nyuma ya kiti cha Fundi kuangalia saa ya meli. Yeye alikuwa katikati ya hadithi. Alimaliza chai yake, akabakiwa na majani kwenye kikombe, na bila kugeuza shingo, bila kuacha kuzungumza, akayatupa nyuma, kupitia juu ya bega.

Yalinipata kwenye sketi, yote.

Mkerewe aliona, akafungua mdomo kumwambia. Nikamtikisia kichwa, na nikasogea pembeni.